Bei ya Trekta la LaVonne

Kati ya maneno yote yaliyokuwa yakimchoma roho LaVonne Stubbe, hakuna yaliyomchoma kama haya: "Merle ni fundi wa kuzaliwa." Merle ni mumewe. Merle hajui plagi inakaa wapi. Wala si siri, mwenyewe ukimuuliza atakwambia hajui. Miaka thelathini na minne aliendesha lori la maziwa, akiwazungukia wafugaji wa Pine Hollow na vitongoji vyake, na lori likimzimikia njiani alikuwa anakaa zake kwenye majani, anakula mkate wake wa jibini, anamsubiri fundi wa kampuni. Lakini watu wa huku Wisconsin wakimwona mwanamume amesimama kando ya trekta, na mkewe yuko nyuma yake ameshika kitambaa, wanakata shauri papo hapo bila kuuliza kwamba trekta ni la baba na kitambaa ni cha vyombo.

Fundi ni LaVonne. Baba yake, mzee Otto Rusch, alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha Halvorsen, pale ng'ambo ya reli, tangu kinafunguliwa mpaka kilipofunga milango. Halvorsen walitengeneza matrekta madogo ya bustani, yale ya kukata nyasi, kusukuma theluji mlangoni na kuvuta trela la kuni. Mtu mzima akilikalia, magoti yanamjia karibu na kifua. Otto hakuwa na mtoto mwingine wa kumpokeza spana, basi alimpokeza huyu. Akiwa na miaka kumi LaVonne alikuwa anaifungua kabureta juu ya gazeti na kuirudisha bila kubakiza hata skrubu moja. Baadaye aliolewa, akazaa mabinti wawili, akapika katika jiko la shule miaka ishirini na tisa, viazi vya watoto mia tatu kila siku iendayo kwa Mungu. Alipostaafu, hakutaka kusikia habari ya kufuma sweta. Aliweka hita katika gereji, akavaa ovaroli ya marehemu baba yake, akaanza kutafuta Halvorsen zilizotupwa.

Sasa, huku kwetu kutaja bei ya kitu chako ni kama kujisifu kanisani. Muuzaji anakuna shingo, anatazama mawingu, anasema, "Aa, ni kitu cha zamani tu, sijui, wewe unaonaje?" Mnunuzi mstaarabu naye anataja bei ya haki, kisha ananyoosha mkono. Mkono ukinyooshwa unapokelewa. Na mikono ikishashikana, biashara imekwisha. Hakuna karatasi, hakuna kurudi nyuma. Mtu akiukana mkono wake, hatapata wa kumuuzia hata ndama mgonjwa katika wilaya tatu.

Utaratibu mzuri sana huo, mpaka atokee mtu kama Gaylord Zastrow. Huyu ni mchuuzi wa matrekta ya zamani, mtu wa tabasamu pana, na trela lake halikai tupu. Yeye aligundua kitu kimoja, nacho kikamlisha miaka: Merle Stubbe hawezi kuuacha mkono wa mtu unaning'inia hewani. Hawezi. Hata wale wauza bima wanaopita nyumba kwa nyumba amewahi kuwapa mkono kabla hawajasema wanauza nini. Basi Zastrow alikuwa anafika, anauliza habari za magoti ya Merle, anasifu nyanya za Merle, halafu anataja bei ya kutupa huku mkono umeshatangulia mbele. Merle anaupokea. LaVonne anatoka gerejini anakuta majira mawili ya baridi ya kazi yake yanafungwa minyororo juu ya trela la mtu.

Mara tatu. Matrekta matatu. La mwisho liliondoka kwa dola mia tano, na Merle akaingia jikoni na noti zake, anatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

Kilichomfanya LaVonne apasuke, hata hivyo, hakikuwa zile mia tano. Majira ya joto yaliyofuata walikwenda kwenye maonyesho ya matrekta ya wilaya ya jirani, na pale katikati ya safu, linang'aa, likawa limekaa trekta lake. Alilijua kwa mbali. Alijua kila nati, maana nati mbili za usukani alizitengeneza mwenyewe. Lilikuwa limefungwa kadi iliyoandikwa kwa mwandiko wa kujidai wa Zastrow: "Limefufuliwa kwa mkono wa Merle Stubbe. Dola 2,200."

LaVonne aliisoma kadi ile mara tatu. Merle naye aliinama, akaisoma.

"Ila ameandika vizuri," Merle akasema.

Kutoka pale mpaka nyumbani ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Walipofika ndipo LaVonne alipomgeukia.

"Merle, niambie. Mwaka juzi mwezi wa pili, nilipokuwa chini ya lile trekta na mgongo umenikaza mpaka nikashindwa kuinuka, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani. Nilikuletea supu lakini."

"Uliniletea supu. Basi kwenye kadi waandike, limefufuliwa kwa supu ya Merle Stubbe."

"Mama, mimi sikuiandika ile kadi."

"Hukuiandika. Wala hukuifuta."

Ndivyo alivyolianza lile la nne, na hasira kifuani. Alilipata kwenye mnada wa shamba la marehemu Bi Hildegard Noack. Lilikuwa ndani ya banda la kuku, na kuku walikuwa wametaga juu ya kiti chake kwa miaka isiyojulikana. Dola sitini. Halvorsen ya mwaka 1963, nyekundu na rangi ya maziwa, tairi zimelala chini, pistoni imeganda ndani ya silinda. Lakini LaVonne alipopitisha kitambaa chenye mafuta ya taa juu ya boneti, chini ya ule uchafu wote wa kuku, alikuta rangi. Si rangi ya mtu aliyejipakia nyumbani. Rangi ya kiwandani, iliyonyunyiziwa ng'ambo ya reli na watu aliowajua kwa majina, na ile herufi H ya dhahabu bado imekaa pembeni, imefifia kidogo, haijaguswa.

Anayejua mambo haya anajua maana yake. Trekta la zamani unaweza kulibadilishia tairi, mkanda, plagi, hata kiti, na hakuna atakayekulaumu. Ila rangi yake ya kwanza ukishaifunika, hairudi tena, na bei inashuka kwa nusu palepale. Mgeni anapenda kinachong'aa. Mwenyeji anatafuta kile kilichochakaa kwa haki.

Basi majira yote ya baridi alilitumikia. Alimimina mafuta ya gia na mafuta ya taa kupitia tundu la plagi, akaacha injini inywe. Kila asubuhi baada ya kahawa alikwenda, akalisukuma gurudumu la mbele ya injini kwa viganja, likakataa, akarudi zake. Siku ya arobaini na moja likasogea upana wa ukucha. LaVonne alikaa chini kwenye sakafu ya saruji akacheka peke yake. Baada ya hapo akashusha injini, akasugua vali, akatengeneza kamba mpya ya kuwashia, akasafisha tangi kwa mnyororo mdogo na changarawe akilitikisa mpaka mabega yakauma. Rangi hakuipaka. Aliiosha kwa sabuni ya watoto, akaisugua kwa nta tabaka kwa tabaka, mpaka ule wekundu ukang'aa kutoka ndani.

Mwezi wa saba alimwita Merle gerejini.

"Hili nitaliuza mimi. Kwenye maonyesho yetu, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Bei nitaitaja mimi, na nitaiandika. Na jina langu liko hapa." Akafunua boneti, akamwonyesha kibati kidogo alichokigonga herufi moja moja kwa vyuma vya baba yake: L. STUBBE.

"Sawa," Merle akasema. Akakisoma kibati. "Bei gani?"

"Elfu mbili na mia sita."

Merle alikuna shingo. "Watu watasema."

"Waseme. Na mkono wako, Merle, siku hiyo utakaa mfukoni."

Hapo mngedhani mambo yamekwisha. Alhamisi, siku mbili kabla ya maonyesho, alifariki mzee mmoja wa kanisani, na LaVonne kama kawaida akaenda kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kupanga mikate ya nyama ya nguruwe na kuchemsha kahawa ya waombolezaji. Alirudi saa tisa mchana. Tangu anafungua mlango wa gari, alisikia harufu ya rangi mbichi.

Merle alikuwa amesimama gerejini na brashi mkononi. Nusu ya boneti ilikuwa nyekundu, nyekundu ile ya rangi ya ndoo ya dukani, inatiririka. Kwenye kona, karibu na usukani, alikuwa ameanza na msasa, akakwangua upana wa kiganja mpaka chuma cheupe kikatoka. Kisha, nadhani, mkono ukamchoka, akaamua kupaka tu.

LaVonne hakupiga kelele. Alivua koti lake la msibani, akalitundika, akachukua chupa ya kiyeyushi cha rangi na matambara, akaanza kufuta.

"Gaylord alipita," Merle akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alitaka kuliona. Akasema ni zuri, ila rangi imeliharibu. Akasema kwa rangi hii hata mia tisa ni za kukuhurumia. Nikaona, umehangaika nalo majira yote ya baridi. Nikaona nikusaidie, ukirudi ukute limependeza."

"Gaylord Zastrow kasema rangi imeliharibu."

"Ndiyo."

"Zastrow, anayetembea na sumaku mfukoni ili ajue boneti ina rangi tabaka ngapi."

Merle aliitazama brashi yake.

"Merle, huyo mtu anaijua rangi ya kiwandani kuliko anavyojua majina ya wajukuu zake. Hakuja kulitazama trekta. Amekuja kulishusha bei kabla halijafika sokoni, na amekuja siku anayojua mimi niko msibani. Wewe akakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ukaenda kununua brashi." Alikuwa anafuta huku anasema, kwa upole sana, mduara mdogo mdogo. "Mimi ningekuwa mwizi, Merle, ningezunguka dunia nzima kutafuta mtu kama wewe."

Nta ndiyo iliyoliokoa. Ile nta aliyoisugua mwezi mzima ilikuwa imekataa rangi mbichi isishike, ikawa inatoka na tambara kama maziwa yaliyomwagika juu ya kitambaa cha meza. Mpaka jua linazama, H ya dhahabu ilikuwa imeonekana tena. Kilichobaki ni ile kona ya msasa. Chuma kitupu, upana wa kiganja cha Merle, na hapo hakuna dawa ya nta wala ya maombi.

LaVonne alikipaka mafuta kisishike kutu, kisha akachukua kipande cha boksi na kalamu nene. Akaandika 2,600, akaifuta, akaandika 2,400.

"Hizo mia mbili ni zako," akamwambia mumewe. "Utazilipa kwa vyombo. Mpaka Krismasi."

"Nitaosha," Merle akasema. Na kwa mara ya kwanza katika habari hii nzima, machozi yalimlengalenga. LaVonne aliyaona, na bado alikuwa na hasira naye. Alikwenda kulala na hasira, akaamka nayo, ikamsaidia kulipandisha trekta kwenye trela.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wafugaji walikuwa wamevaa mashati yao safi, soseji zinapasuka juu ya makaa, mahindi yanachovywa kwenye siagi, na kila upande injini za zamani zinakohoa. LaVonne alilipanga trekta lake kwenye safu ya wauzaji, akaegemeza lile boksi kwenye tairi la mbele: "Halvorsen 1963. Rangi ya kiwandani. Dola 2,400. Bei haipungui."

Heri angeandika matusi. Watu walikuwa wanakuja wanatabasamu, wanafika kwenye lile boksi, wanasoma, wanakohoa, wanaanza kuzungumzia mvua. Bi Darlene Kuehn wa kwaya alisimama, akasoma kwa sauti, kisha akamshika LaVonne bega kwa huruma.

"Dada, huko si kujipandisha kidogo? Haipungui? Ungeandika tu, tuzungumze."

"Tukizungumza, itapungua," LaVonne akasema.

"Mimi nasema tu. Watu wasije wakakuona vibaya."

Darlene alipoondoka, LaVonne alisikia masikio yanamwaka. Alijua wanachosema kule kwenye meza za pai. Miaka sitini na saba alikuwa ameishi kati ya watu hawa bila kuwahi kusema kitu chake ni kizuri. Hata keki yake iliyoshinda mashindano alisema imeungua chini. Kwa muda aliitazama kalamu iliyokuwa kwenye mfuko wa ovaroli. Angeweza kufuta neno moja tu, haipungui, na watu wote wangempenda tena. Halafu akakumbuka ile kadi, "kwa mkono wa Merle Stubbe", akaisukuma kalamu chini kabisa ya mfuko.

Merle alikuwa amekaa kando kwenye kiti cha kukunja. Mkono wa kulia aliuweka mfukoni tangu asubuhi. Pai alikuwa anaila kwa mkono wa kushoto, na sehemu kubwa ilikuwa imeishia kwenye shati.

Zastrow alikuja saa tano. Alikuja taratibu, akilipitia kila trekta kama mtu asiyetafuta kitu, mpaka alipofika kwa Halvorsen. Hapo alichuchumaa. LaVonne alimwona anatoa sumaku, anaigusisha kwenye boneti, anaitoa, na kwa nukta moja uso ukajisahau, ukaonyesha tamaa. Rangi ilikuwa ile ile aliyoiona Alhamisi. Akasimama, akajipangusa magoti, akavaa tabasamu. LaVonne hakusalimiwa. Zastrow alimpita, akaenda kwenye kiti cha kukunja cha Merle.

"Mzee Merle. Magoti yanasemaje?"

"Yapo tu, Gaylord."

"Nyanya?"

"Zimekubali mwaka huu."

"Nimeliona hili dude lako." Akageuza shingo kulitazama trekta kwa masikitiko. "Pale kwenye kona pameguswa na msasa, mzee. Umelitia jeraha. Bei hiyo mliyoandika, nadhani shemeji alikuwa anatania."

"Msasa ule ni ushauri wako, Zastrow," LaVonne akasema.

Zastrow alicheka, akimtazama Merle. "Shemeji ana maneno. Sikiliza mzee, sisi ni watu wa kujuana. Nisikuache ulirudishe nyumbani bure, watu wakucheke. Elfu moja. Mkononi, sasa hivi."

Na mkono ukatangulia mbele, kama siku zote. Mpana, mkavu, umefunguka, mbele ya kifua cha Merle. Watu kama saba wanane walikuwa wamesogea. Kwenye meza ya pili, mzee Clarence Hinz aliyekuwa anauza boliti kwa kilo aliacha kupima.

LaVonne alimtazama mumewe. Aliuona mkono wa kulia unatoka mfukoni. Haukutoka kwa makusudi, uso wake wote ulikuwa unaukataza, lakini mkono wenyewe ulikuwa unatoka, miaka sabini ya adabu inausukuma kwa nyuma. Ulifika nje ya mfuko. Ukaanza kupanda.

LaVonne alipiga hatua mbili, akaupokea yeye mkono wa Zastrow.

Aliushika kwa kiganja kilichoinua masufuria ya watoto mia tatu na kugeuza injini zilizoganda, akautikisa mara tatu, juu chini, sawasawa.

"Elfu mbili na mia nne," akasema. "Nimekubali."

Zastrow alijaribu kucheka na kuvuta mkono kwa pamoja, na vyote viwili vikamgomea.

"Shemeji, taratibu. Mimi nilikuwa nampa Merle."

"Umesoma boksi?"

"Nimesoma, lakini..."

"Umelisoma boksi. Limeandikwa bei moja, na limeandikwa haipungui. Halafu ukaja ukanyoosha mkono mbele ya trekta langu. Mimi ndiye mwenye trekta, nimeupokea. Kama huo haukuwa mkono, Gaylord, sema hapa hapa mbele ya watu kwamba haukuwa mkono. Nitakuachia."

Zastrow alimgeukia Merle. Wote walimgeukia Merle. Akainuka kutoka kwenye kile kiti, makombo ya pai yakamdondoka, na mkono wake wa kulia bado ulikuwa nusu hewani, hana pa kuuweka.

"Ni lake," Merle akasema. Alikohoa, akasema tena kwa sauti, na Merle si mtu wa sauti. "Ni lake hili. Na yale matatu uliyochukua yalikuwa yake. Mimi sijawahi kutengeneza kitu, Gaylord. Mimi hata plagi sijui ilipo. Ulipoandika ile kadi ningekwambia, nikanyamaza kwa sababu, basi tu, ilinipendeza." Akamtazama mkewe. "Ilinipendeza, mama. Ndiyo hivyo."

LaVonne alikuwa bado ameushika mkono wa Zastrow.

"Mimi nimeuona mkono," mzee Clarence Hinz akasema kutoka kwenye meza yake ya boliti.

"Hata mimi," akasema mwingine.

"Ulikuwa mkono," akasema Bi Darlene Kuehn wa kwaya, ambaye hakuna aliyejua amerudi saa ngapi.

Zastrow aliwatazama mmoja mmoja. Hawa ndio watu aliokuwa ananunua kwao. Kila banda, kila mnada, kila trekta lililosahaulika nyuma ya ghala lilikuwa mikononi mwao. Akatoa pochi. Alihesabu noti za mia juu ya kiti cha Halvorsen, ishirini na nne, na masikio yake yalikuwa na ule wekundu wa rangi ya ndoo. LaVonne alizihesabu tena, polepole, akazitia kwenye mfuko wa ovaroli ya baba yake na kufunga kifungo.

Kilichobaki ni kulipeleka kwenye trela. Zastrow alilikalia, magoti kifuani, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Trekta likapiga chafya likanyamaza. Akavuta mara ya sita, jasho linamtoka, watu wakiwa wamejipanga kama kwenye mchezo wa mpira, kisha akainua kichwa kwa Merle.

"Mzee, linawashwaje hili?"

Merle alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika sahani. Kwa uma, akamwonyesha mkewe.

Zastrow alishusha pumzi. Akaitazama H ya dhahabu, akautazama uwanja, akamtazama LaVonne, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu afike.

"Linawashwaje, Bi LaVonne?"

LaVonne alisogea. Akafunua boneti, kibati kikaonekana, akakiacha wazi muda wa kutosha mtu kusoma.

"Unafungua mafuta nusu mzunguko. Si mzunguko mzima, litakunywa sana. Choki unavuta yote. Unakanyaga klachi. Kamba unaivuta mara mbili polepole, bila kuwasha, livute pumzi. Ndipo unawasha swichi, unarudisha choki nusu, unavuta kwa nguvu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Zastrow alicheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye. LaVonne alikuwa amesimama mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama mlangoni mwa jiko la shule watoto wakijaribu kupita bila kunawa.

"Nafungua mafuta," Zastrow akasema.

"Kiasi gani?"

"Nusu mzunguko. Nakanyaga klachi, navuta kamba..."

"Umeruka choki," LaVonne akasema. "Anza upya."

Akaanza upya.